Mgeni, Mtalii na Mwongozo: Tahakiki ya Lugha ya Vitabu vya Safari kwa Kipimo cha Soko la Gakoromone

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya ushairi, riwaya na tamthilia, na juu ya fasihi simulizi pia. Kitabu cha kumwongoza msafiri hakijapata bahati hiyo. Aghalabu huhesabiwa kuwa chombo tu, mfano wa ratiba ya mabasi au orodha ya bei za vyumba, kitu ambacho mtu hukitumia na kukitupa. Hata hivyo kitabu hicho kina msimulizi, kina hadhira, kina wahusika wanaotajwa na wengine wanaonyamazishwa, na kina mtindo wa lugha utambulikanao mara moja. Kwa hiyo kina fani na maudhui, na kinastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine.

Makala hii inashikilia kwamba mwongozo wa Kiswahili unaoandikwa kwa kufuata kiolezo cha Kiingereza humkosea msomaji wake, kwa sababu umeyatafsiri maneno bila kumbadilisha mtu anayesemeshwa. Anayesemeshwa katika kiolezo ni mtalii, yaani mtu aliyekuja kutazama. Msomaji wa Kiswahili, mara nyingi zaidi, ni mgeni, yaani mtu aliyekuja kwa watu: kununua, kuuza, kuoa, kusoma, kuzika, au kumwona mgonjwa. Tofauti hiyo si ya msamiati peke yake. Imo ndani ya sarufi, na ndipo mhakiki wa lugha anapoweza kuishika.

Mahali palipochaguliwa kuwa kipimo ni soko la Gakoromone katika mji wa Meru, kwenye miteremko ya kaskazini mashariki ya Mlima Kenya. Ni mojawapo ya masoko makuu ya mji huo, soko la viazi, kabichi, ndizi, maharagwe, mahindi na nguo za mitumba. Limechaguliwa kwa sababu halina mnara, halina ngome, wala halina mnyama wa porini. Mji wa Kale wa Mombasa au wa Zanzibar ungekuwa kipimo dhaifu, kwa maana hata mwongozo mbovu huweza kuazima uzuri wa majengo yake. Mwongozo uwezao kulieleza soko la Gakoromone kwa haki hautashindwa kwingine. Na ule unaolikosa soko hili unaonyesha ulipo upungufu wake.

2. Asili ya utanzu

Ni kosa kudhani kwamba mwongozo wa safari ulizaliwa na utalii. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu kijulikanacho kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Kitabu hicho kinaeleza bandari moja baada ya nyingine mpaka Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania. Humo mna maagizo ya manufaa: bidhaa zipi zipelekwe, kama mikuki, mashoka na visu, na zipi ziletwe, kama pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mna pia taarifa moja ambayo mwanalugha hawezi kuipita: kwamba manahodha wa Kiarabu waliotumwa huko walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Mwandishi wa kale aliona kwamba ujuzi wa lugha ya mwenyeji ni sehemu ya habari za bandari, sawasawa na kina cha maji.

Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, anaeleza desturi ya Mogadishu kwa uwazi unaofaa kukumbukwa. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji waliliendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akampa mfanyabiashara fulani na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji akamwuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa kwa bei ya kumpunja mgeni, au pasipo mwenyeji wake kuwapo, haikuhesabiwa kuwa halali. Hii haikuwa hisani tupu. Ilikuwa sheria ya soko, na Ibn Battuta, kwa kuieleza, alimpa msomaji wake msaada mkubwa kuliko sifa za majengo.

Mwongozo wa kisasa ulichukua njia nyingine katika Ulaya ya karne ya 19. John Murray wa London alianza kutoa vitabu vyake vya mkononi mwaka 1836, na katika miaka hiyohiyo Karl Baedeker wa Ujerumani akaanza vyake. Baedeker ndiye aliyeupa utanzu huu alama yake mashuhuri: nyota inayotiwa kando ya jina la kitu kinachostahili kutazamwa. Nyota ni alama ndogo, lakini imebeba falsafa nzima. Inadai kwamba dunia inaweza kugawanywa kati ya vitu vya kutazamwa na vitu vya kupitwa, na kwamba aliye na haki ya kugawanya ni mchapishaji aliye mbali.

Mhakiki Mfaransa Roland Barthes aliigusa falsafa hiyo katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, alipohakiki miongozo ya Guide Bleu. Alionyesha kwamba kwa miongozo hiyo mandhari karibu ni milima na mabonde tu, na nchi karibu ni makanisa na minara tu, na kwamba watu wakitokea hutokea kama mifano ya tabia za taifa lao. Hoja yake ilihusu Uhispania. Inafaa kuuliza itakuwaje ikihamishiwa Meru.

3. Meru kwa kipimo cha nyota

Kwa kipimo cha nyota, Meru haikosi chochote. Ina Mlima Kenya, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Ina Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, kiasi cha kilomita 80 kutoka mjini kwa kupitia Maua. Katika hifadhi hiyo limo kaburi la Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, ambaye kitabu Born Free cha mwaka 1960 na filamu ya mwaka 1966 vilimpa umaarufu duniani kote. Mjini penyewe limo Jumba la Makumbusho la Meru, katika jengo la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya wakati wa ukoloni.

Vitu hivyo ni vya kweli na vinastahili kuonwa. Tatizo liko katika mpangilio wake. Kwa mantiki ya nyota, msafiri huondoka Nairobi, hupita mji, na hufika kwenye nyota. Mji wa Meru hugeuka mahali pa kujaza petroli na kununua maji ya chupa, na soko hugeuka msongamano wa magari unaopaswa kuepukwa. Katika mpangilio huo jina linalojulikana kuliko yote kutoka Meru ni jina la simba. Mwanamke aliyekaa nyuma ya viazi vyake huko Gakoromone, ambaye kazi yake inalisha mji, hana jina, hana kauli wala hana nafasi. Akitajwa, hutajwa kama rangi: kanga zake, kilemba chake, tabasamu lake. Ndiyo hali aliyoieleza Barthes, ila hapa imeongezewa jambo moja, kwamba mnyama amepewa wasifu ambao mtu amenyimwa.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kulitia soko nyota. Kuna miongozo ifanyayo hivyo, ikiliita soko la Kiafrika kivutio na kumhimiza mtalii ajipenyeze humo na kamera yake. Huko ni kuihamisha nyota tu bila kuihoji. Neno kivutio lenyewe linatokana na kitenzi vuta: ni kitu kinachomvuta mtazamaji. Muuza kabichi hakutoka nyumbani alfajiri ili avute macho. Alitoka ili auze kabichi.

4. Sarufi ya amri

Hapa sharti tahakiki iteremke katika sarufi. Kiolezo cha Kiingereza hujengwa juu ya kitenzi cha kuamuru. Katika Kiingereza kitenzi hicho hakina ukali: msomaji huambiwa atembelee hapa na asikose pale, naye husikia pendekezo la rafiki. Waandishi wa Kiswahili wameigeuza amri hiyo neno kwa neno, na matangazo ya utalii yamejaa tembelea, furahia, usikose, jionee. Lakini Kiswahili si Kiingereza. Mtu asiyejuana na mwenzake hamwambii njoo, kaa, nunua, ila awe mkubwa anayesema na mtoto, au bwana anayesema na mtumishi. Kwa adabu ya lugha hii, kitenzi huvaa kiishio -e: uje, ukae, ununue; au hutanguliwa na ombi. Msomaji wa Kiswahili anayeambiwa usikose kurasa ishirini mfululizo hasikii rafiki. Husikia karani.

Historia ya jambo hili inajulikana. Kiswahili cha amri kilipata vitabu vyake tangu zamani. Mfano mmoja ni Up-Country Swahili cha F. H. Le Breton, kilichotoka mwaka 1936 kwa ajili ya askari, walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu wa bara. Kiswahili cha namna hiyo kilikuwa cha mtu anayehitaji kuagiza kazi ifanywe, na upatanisho wa ngeli ulihesabiwa humo kuwa mzigo usio wa lazima. Mlowezi aliondoka, lakini muundo wake wa kusema ulipata mrithi katika orodha za maneno ya watalii: leta, ngoja, bei gani, punguza.

Salamu nayo ilikatwa. Hujambo ni kauli inayosubiri jibu. Anayeisema humwuliza mwenzake kama hana jambo, na mwenzake humjibu sijambo. Mtalii amefundishwa jambo peke yake, bila kiambishi cha mtu na bila ukanushi. Wimbo wa "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliitangaza salamu hiyo duniani, na hapana sababu ya kuwalaumu wanamuziki waliokuwa wakiimba kwa ajili ya wageni wa mahoteli ya pwani. Lakini mwanalugha hana budi kuona kilichopotea. Kiambishi kilichoondolewa ni kile kinachomtaja mtu anayesalimiwa.

Kitenzi talii chenyewe kingeweza kufunza zaidi. Asili yake ya Kiarabu imo katika kusoma na kutazama kwa makini. Mtalii, kwa mzizi wa jina lake, angepaswa kuwa msomaji wa mahali. Utalii wa nyota umempunguzia kazi hiyo. Umemsomea kila kitu kabla hajafika.

5. Urithi wa masimulizi ya safari

Mtu anaweza kusema kwamba Kiswahili hakina kiolezo kingine. Dai hilo haliwezi kusimama. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, na miaka miwili baadaye akatoa Desturi za Wasuaheli, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Katika mkusanyo wa kwanza Sleman bin Mwenye Tshande anasimulia safari ya biashara katika bara, Mtoro mwenyewe anasimulia Udoe na Uzigua, na Selim bin Abakari anasimulia Urusi na Siberia, alikokwenda mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Msomaji wa Kiingereza aliweza kuisoma safari hiyo ya Selim tangu Lyndon Harries alipotoa kitabu chake Swahili Prose Texts mwaka 1965.

Kwa upande wa fani, maandishi haya yanatumia viambishi viwili kwa ustadi. Cha kwanza ni -ka-, kiambishi cha masimulizi: tukaenda, tukafika, wakatuambia. Huyu ni shahidi, anayeeleza tendo baada ya tendo, na msomaji anajua kwamba mwandishi alikuwapo. Cha pili ni hu-, kiambishi cha mazoea: hufanya hivi, hula hiki. Hiki ni kiambishi cha mtu aliyekaa na kuona jambo likirudiwa, au aliyeambiwa na mwenyeji. Kati ya viwili hivyo mambo ya manufaa hutolewa bila amri: maji yako wapi, hongo hutozwa wapi na kwa nini, kitambaa gani hukubaliwa na kipi hukataliwa, jumbe husalimiwaje. Msafiri wa Ugogo aliyeijua hongo aliifahamu nchi kavu, ambako mwenye kisima ni mwenye nguvu. Bei ilikuwa mlango wa kuingilia katika maisha ya watu.

Safari ya Selim ina funzo jingine. Alipita Petersburg na Moscow, akaenda Siberia, akafika hata nchi za Waislamu wa Asia ya Kati, Samarkand ikiwa mojawapo. Huko alikuwa mtazamaji na mtazamwa kwa wakati mmoja, kwa kuwa watu wengi walikuwa hawajapata kumwona Mwafrika. Wahenga wamesema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Selim alikuwa kuku mweupe katika theluji, naye aliyaandika macho yaliyomtazama pamoja na yale aliyoyatazama. Hiyo ndiyo sifa ambayo mwongozo wa nyota hauna: mwandishi wake haonekani kamwe, na kwa hiyo hatazamwi na mtu.

Mfano wa tatu ni Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, ambaye mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wajumbe wengine wa Tanganyika kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya muungano wa nchi za Afrika ya Mashariki. Kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka 1932. Kayamba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na si vigumu kumwona akistaajabia. Hata hivyo anuani ya kitabu chake ina vitenzi viwili, na cha pili ndicho kinachomwokoa. Aliona na alifanya. Alikwenda London akiwa na shughuli, na mgeni mwenye shughuli huuona mji kwa jicho jingine.

6. Upungufu wa urithi huo

Tahakiki isiyosema upungufu ni sifa tu. Masimulizi ya Velten yalikusanywa na Mjerumani kwa manufaa ya masomo ya Wajerumani, wakati ambapo serikali yao ilikuwa ikiitawala nchi iliyosimuliwa. Njia za misafara zilipitisha pembe za ndovu na zilipitisha watumwa. Isitoshe, mtu wa pwani wa wakati huo alikuwa na neno lake kwa mtu wa bara, nalo ni mshenzi. Neno hilo linagawanya dunia kwa ukali kuliko nyota ya Baedeker, kwa sababu nyota huvipima vitu, na neno hili huwapima watu.

Hoja hii ni nzito kwa Meru. Kiswahili huko si lugha ya kwanza ya walio wengi. Wanaokutana Gakoromone huja na Kiimenti, Kitigania na Kiigembe, na wengine kutoka miteremko ya kusini huja na Kimwimbi, Kichuka na Kiembu. Kiswahili ni lugha ya kukutania, lugha ya kumwuzia mtu wa Isiolo na dereva wa Nairobi. Mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha cha pwani, na mwandishi asiyejua neno hata moja la Kimeru, unaweza kurudia kosa la msafara: kufika kwa watu na kuwaeleza bila kuwauliza. Kubadilisha Kiingereza kwa Kiswahili hakutoshi kumgeuza mtalii kuwa mgeni.

Historia ya Meru inaonyesha kwamba wenyeji hawakungoja kuulizwa. E. B. Horne, ofisa wa kwanza wa Kiingereza kukaa huko, aliyefika mwaka 1908, alipewa na watu jina la Kangangi, ambalo hufasiriwa kuwa mzururaji mdogo. Katika jina hilo moja mna tahakiki kamili ya mgeni: walimwona haketi, walimwona anazunguka nchi yao bila shughuli waliyoielewa, nao wakampa jina kwa tendo lake. Mwongozo wa haki ungeanza na swali lililomo katika jina hilo. Mwenyeji anamwonaje huyu anayekuja?

7. Jaribio la Gakoromone

Kwa kuwa tahakiki inayobomoa bila kujenga haina faida kwa mwandishi, ni vyema kuonyesha namna kifungu cha mwongozo kingeweza kuandikwa kwa sarufi iliyopendekezwa, yaani kwa hu- ya mazoea na -e ya ushauri, bila nyota na bila vivumishi vya sifa:

"Mgeni atokaye Nairobi hufika Meru kwa mojawapo ya njia mbili zinazouzunguka mlima. Ya mashariki hupita Embu, Chuka na Nkubu, nayo ina mabonde na kona nyingi. Ya magharibi hupita Nanyuki na Timau, nchi ya ngano na baridi. Achukue sweta, hasa kati ya Juni na Agosti, hata kama ameondoka kwake na jua. Akifika Gakoromone asianze na bei. Aanze na salamu. Kiswahili kinatosha, ila akisema Muuga, salamu ya Kimeru, atakuwa amebisha hodi kwa lugha ya mwenye nyumba. Mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, viazi kwa debe au ndoo, nyanya na vitunguu kwa fungu. Aulize kipimo kwanza, kisha bei, kwa sababu bei bila kipimo haina maana. Aangalie pia kama kipimo hujazwa kwa usawa au kwa kilele, maana kilele hicho ni sehemu ya mapatano. Bei hubadilika na mvua: upande huu wa mlima mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, hutegemewa sana na mkulima, na zikikosekana bei ya maharagwe itamweleza mgeni kabla hajaambiwa na mtu. Akitaka kupiga picha, aombe. Akikataliwa, asidai sababu. Akipenda kuendelea hadi Maua, penye miraa, ajihadhari barabarani. Miraa hufungwa katika majani ya mgomba ili isinyauke, na hupoteza thamani isipofika sokoni upesi, ndiyo sababu magari yake hukimbia. Asishangae pia akisikia watu wakitaja mwaka 2014 kwa uchungu: ndio mwaka Uingereza ilipoipiga miraa marufuku, na soko lililokuwa likitegemewa likafungwa."

Kifungu hiki hakidai ukamilifu. Lakini kinafaa kulinganishwa na kiolezo. Hakuna mahali kinaposema kwamba soko linapendeza, wala hakuna amri. Maagizo yote ya manufaa yamo: njia, nguo, vipimo, adabu, hatari. Na kila agizo limefungamana na sababu, nayo hutoka katika maisha ya wenyeji: kilimo, mvua, biashara ya miraa. Mgeni aliyeambiwa kwa nini gari la miraa hukimbia anajihadhari vizuri kuliko aliyeambiwa tu kwamba barabara ni ya hatari. Zaidi ya hayo, amepata kumwelewa dereva.

Jaribio linaonyesha pia mpaka wake. Mwandishi mmoja hawezi kulimaliza soko. Namna gani mwanamke mtu mzima husalimiwa na kijana wa kiume, ni dhihaka gani huvumiliwa katika mapatano ya bei na ipi ni tusi, haya hayawezi kuandikwa na mtu wa nje kwa kusikiliza mara moja. Yanahitaji mwenyeji asome muswada na kuusahihisha. Katika desturi ya Mogadishu biashara isiyokuwa na mwenyeji ilikuwa batili. Kanuni hiyohiyo ingefaa kwa mwongozo.

8. Hitimisho

Jambo hili si la vitabu tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti kazi ya masoko na kazi ya utalii wa ndani, na iliziweka zote mbili chini ya kifungu kimoja cha biashara. Waliotunga sheria, kwa kukusudia au kwa bahati, waliweka pamoja vitu ambavyo miongozo imevitenga. Mtalii wa ndani, akiwa mwalimu wa Kisumu au fundi wa Voi, huingia sokoni kama mtu yeyote. Anajua gorogoro ni nini, na kwao pia kuna soko. Kumsemesha kwa lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa mbali, aliyehitaji kuonyeshwa Afrika, ni kumfanya mgeni katika nchi yake.

Hapana shaka kwamba miongozo itazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na itakuwa vyema ikiwa mingi. Wajibu wa idara za lugha ni kuonyesha mapema kwamba uchaguzi wa kiambishi si jambo dogo. Tembelea humwita mtu aje kutazama. Mgeni afikapo humtengenezea nafasi kati ya watu, na humkumbusha kwamba nafasi hiyo ina masharti yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inamwambia kwamba baada ya kutazama kuna kazi, na kwamba jembe hupewa mtu aliyekwisha kuhesabiwa kuwa wa hapo.